Mizinga Juu ya Gari

Severini alifungua mlango wa gari la mtalii, akaganda.

Nyuki walikuwa wamefunika usukani wote.

Kiangazi kilichopita, mwenye gari alitaka kuliacha Mpanda mjini, kwenye uwanja wenye ukuta na mlinzi. Severini akamcheka. "Bosi, liache kwangu Ugalla. Mizinga yangu itaning'inia juu yake. Mwizi gani atasogea?"

Akaachiwa na ufunguo.

Gari lilikuwa na kitanda ndani, tena halivuji kama nyumba yake. Basi akahifadhi humo nta ya msimu mzima, akaachia kioo wazi kidogo ili godoro lisivunde. Kumbe kundi zima lilifuata harufu.

Kuwatoa kwa moshi kungechukua mpaka jioni. Mvua ilikuwa imekata barabara, bodaboda wote walikuwa wamekataa kuja, na ni gari hili refu tu lingeweza kupita kwenye tope hadi hospitali.

Mkewe alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Uchungu ulimwanza jana.

Nyuki mmoja alitua kwenye ukucha wa Severini, akatembea taratibu.

"Baba Tereza, washa twende," mkewe alisema. "Mtoto ameacha kucheza."