Kopo la Vidonge vya Magoti

Bi Chausiku, kungwi wa mtaa, alirudi kutoka hospitali akichechemea kwa mkongojo, lakini uso wake uling'aa. Shoga yake Msimu alikuwa uani, amekalia mbuzi akikuna nazi.

"Haya, daktari kasemaje?"

"Figo zinapona! Kasema huenda vile vidonge vya magoti ndivyo vilivyozichosha, miaka yote ile."

"Na magoti yenyewe?"

"Yanauma. Yaache yaume, mimi nipo."

Msimu akacheka. "Na liwa ya bibi harusi? Kungwi huisaga amepiga magoti, mwenzangu. Ukipiga leo, nani atakuinua?"

Bi Chausiku akamnyanyua shoga yake kwenye mbuzi, akaigeuza jino likaelekea nyuma, akaikalia. Akavuta jiwe, akaanza kusugua kipande cha mti wa liwa. Harufu ikajaa ua.

"Kungwi juu ya mbuzi! Watakucheka."

"Wacheke, mradi bibi harusi anukie."

Alipomaliza, aliingia ndani akatoka na kopo la vidonge. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wakichota humo kila asubuhi, kila mmoja akimtilia mwenzake kiganjani. Figo za mumewe hazikuwahi kupona. Akavimwaga vidonge kwenye shimo la taka, akajaza kopo udongo, akachomeka kitawi cha mrehani.

"Unampelekea yeye kaburini?" Msimu aliuliza taratibu.

Bi Chausiku alilifuta kopo kwa upindo wa kanga, akalikumbatia, akauendea mlango wa ua polepole. Mkongojo wake ulibaki umeegemea ukuta.