Zitie Mshazari

Kwa miaka kumi na tisa Mashavu alikuwa akizisawazisha noti, ukingo kwa ukingo, kabla ya kuzitia kwenye mashine ya kuhesabia fedha ya benki ya mji ule, kwa maana hata moja ikiingia mshazari mashine hukwama. Asubuhi ile fundi alileta mashine mpya, na meneja akamwita Mashavu aijaribu.

"Zitie mshazari, mama," fundi alimwambia.

Alijaribu, lakini vidole vyake vilizinyoosha vyenyewe.

"Hapana, mama. Zivuruge kabisa."

Akazivuruga. Magurudumu madogo ya mpira yakazipokea, yakazigeuza moja moja kwa upole, zikatoka upande wa pili zimelingana sawasawa. Fundi alitabasamu. Meneja aliinamisha macho.

"Bi Mashavu, baada ya chai uje ofisini kwangu."

"Haya, bwana."

Wakamwacha peke yake. Alilichukua lile bunda lililonyooka, akaligonga mezani taratibu, akaligeuza, akaligonga tena, kisha akapitisha kidole gumba ukingoni, akitafuta japo noti moja iliyojitokeza.