Kichapo cha Pampu ya Joto

Katika mtaa mzima wa Tumba, huko Sweden, hakuna mwanamke aliyejua kupigana kama Dafrosa. Mapigano kumi na mawili maishani, na yote alishindwa. Yaulize meno, yale yaliyobaki.

La kumi na tatu lilianza asubuhi, nyuma ya nyumba ya binti yake, kwenye theluji ya magotini. Adui alikuwa sanduku la chuma lenye feni: pampu ya joto.

"Mimi unanigandisha ndani, weye unachemsha maji huku nje!"

Akalishushia mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo. Paa! Feni ilikuwa imesimama, mvuke unafuka, maji yanatiririka, sanduku zima linafoka.

"Unanifokea? Mimi?"

Paa! Kipande cha barafu kiliruka kikampasua mdomo. Akatema damu kwenye theluji, akavua koti, akashika mchi kwa mikono miwili na kutwanga mpaka vibati vya nyuma vikalala chali.

Siku tatu chumba chake kilikuwa friji ya bucha. Maombi, binti yake, alibakiza wiki mbili ajifungue, na Dafrosa alikuwa ameapa kwamba mikono ya bibi ndiyo itakayompokea mtoto. Lakini jana Onesphore, mkwe wake, alikuja mlangoni amevaa singlendi, macho sakafuni. Kwao Butembo mkwe hamwambii mama mkwe hata "sogea", sembuse "toka".

"Mama, pole sana. Mashine hii haiwezi baridi ya Sweden. Ukiona inatoa mvuke vile, ujue inakata roho. Kesho nikupeleke Hjulsta kwa Kambale, kule joto liko."

Kwa Kambale, mwanawe Dafrosa, watu tisa walilala vyumba viwili. Na mtoto angezaliwa bila yeye.

Paa! Paa!

"Bibi, acha! Utaiua!"

Kamila, fundi aliyeitwa na Maombi, alimkumbatia kwa nyuma, akala kiwiko cha shavu. Onesphore akatoka mbio.

"Mwache tu, dada! Imeshakufa!"

"Haijafa," Kamila alisema, akijipapasa shavu. "Shikamoo, bibi. Una mkono mzito! Ilikuwa inajiyeyusha barafu. Baridi ikiigandisha inasimama dakika chache, inajipasha, inatoa mvuke, halafu inarudi kazini. Hii inavumilia hata nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Umekunja vibati tu, nitavinyoosha."

Feni ikaanza kuzunguka, kwa kuchechemea. Dafrosa akauangalia mchi, akaufutia damu kwenye kitenge.

"Sasa mbona chumba changu kinaganda?"

"Labda bomba," Onesphore aliwahi. "Mimi mambo ya mashine hii siyajui kabisa, Mama. Hata kuiwasha sijui."

Wakaingia ndani. Kamila akasimama mbele ya kidude cha ukutani cha kupangia joto chumbani kwa Dafrosa, akabonyeza, akabonyeza, mpaka nyuzi ishirini na moja.

Kling! Simu ikalia mfukoni mwa Onesphore.

"Watu wa kazini hao," alisema, bila kuitoa.

Maombi, tumbo mbele, akamchomolea simu. Akasoma kile Kiswidi kimyakimya, kisha akakigeuza kwa sauti, neno kwa neno, ili mama yake asikie vizuri:

"Mtu mwingine amebadilisha joto uliloweka kwenye 'Chumba cha Mama Mkwe'. Ungependa kulirudisha kwenye nyuzi kumi?"