Kikohozi cha Marehemu Ngwali

Zama hizo marehemu hakuzikwa mzimamzima. Sauti na tabia zake ziliandikwa kwenye kirusi, kikalala katika neva za mjane wake. Homa ikimpanda mjane, kirusi kiliamka, kikajipenyeza kwenye kiini cha seli na kujinakili kwa malighafi ya mwenye nyumba, mpaka lengelenge likachomoza mdomoni. Hapo mtoto wa ukoo alibusiwa, akarithi.

Salme hakutaka mwanawe amrithi babu Ngwali, aliyemchapa mkewe hata chai ikipoa. Tangu arudi kutoka kujifungua, alisaga kidonge cha kuzuia kunakili ndani ya uji wa mkwewe, Bi Time, mjane wa Ngwali.

Arobaini ya mtoto, siku ya kubusiwa, ikafika, mdomo wa Bi Time mkavu, bila lengelenge.

"Mzee kagoma kuamka," alisema.

"Labda kachoka kusema, mama."

"Ngwali? Huyo alifoka hata usingizini." Bi Time akacheka kidogo. "Bahati nilimbusu mjukuu wangu siku ileile ya kuzaliwa. Wewe ulikuwa hoi, mwanangu, na lengelenge langu lilikuwa bichi."

Kitandani, mtoto akakohoa kikohozi kizito, kama cha Ngwali alipokuwa akivua mkanda.

Bi Time akajikinga uso.