Pembetatu Isiyokuwepo

Mwalimu alimpa Zamfira alama moja kati ya kumi. Swali lilitaka wachore pembetatu yenye pande za sentimita tatu, nne na nane, naye alikuwa ameandika: "Haipo."

"Nyie Waroma, majipsi nyie, hesabu mmeijulia wapi?" mwalimu alimdhihaki. Darasa likacheka.

Zamfira alichomoa njiti tatu za ufagio wa darasa, akazikata kwa vipimo vile vile. Ndefu akailaza mezani pa mwalimu. Zile fupi akazilaza juu yake, moja kuanzia ncha hii, nyingine kuanzia ncha ile. Katikati palibaki pengo la upana wa kidole.

"Haya, ziunganishe wewe, mwalimu."

Kicheko kilikatika. Mwalimu alizipangusa njiti zikaanguka sakafuni. "Rudi ukakae!"

Zamfira aliziokota moja moja, akazipanga upya.

"Nimesema ziunganishe."