Karatasi ya Barbara Lentz

Barbara Lentz alitoroka mara ya pili Machi 1753. Walimkamata siku ya tano, kajikunja ndani ya pipa la tufaha. Mahakama ikamwongezea mwaka mzima wa utumishi.

Ndivyo Corinne alivyomsomea mchumba wake, Emmett, sebuleni kwa mama yake mjini Lancaster, Pennsylvania. Barbara, bibi mkuu wa ukoo wao wa Lentz, alitoka Ujerumani bila nauli. Nahodha akamuuza kwa mtengeneza ngozi, amtumikie miaka saba. Je, aliachiliwa? Bila karatasi ya kuachiliwa, kitabu cha ukoo anachokiandika Corinne hakikamiliki. Na kitabu kisipokamilika, hakuna harusi. Mama kasema.

Miaka tisa ya uchumba hiyo, jamani! Emmett alimposa kwenye pikiniki ya kanisa, watu wakapiga makofi na vigelegele kabla Corinne hajafumbua mdomo. Tangu hapo kila Emmett akiuliza tarehe ya harusi, jibu la Corinne ni lilelile: "Mama kasema tumalize kitabu." Mama mwenyewe, Verna, hufuma soksi pembeni, kimya. Corinne wa watu alikonda, akabaki macho tu.

Leo Emmett alikuja amechemka.

"Mama, Jumamosi nahamia Oregon, na sirudi. Halafu nimetoka kwa mchungaji. Karatasi ya Barbara ilikuwemo kwenye sanduku la kanisa! Iliazimwa wiki ileile niliyoposa. Daftari lao la kuazimia hili hapa."

Kwenye mstari wa aliyeazima paliandikwa jina moja tu: Lentz.

"Ni wewe, mama! Umemfunga binti yako kuliko hata yule mtengeneza ngozi!"

Corinne alishika kiti. Verna akavaa miwani. Aliutazama mwandiko ule kwa muda mrefu, kisha akamtazama binti yake.

"Ni mimi," akasema. "Na bado sitaki aolewe. Utanifanyaje?"

"Corinne, twende! Sasa hivi!"

Corinne alilia kwa kwikwi. "Siwezi kumwacha mama."

Emmett akabamiza mlango. Gari lilinguruma, likapotea.

Verna alivua miwani, akamsukumia binti yake daftari.

"Mwandiko wako naujua tangu darasa la kwanza. Karatasi ya watu irudishe kanisani kesho. Na siku nyingine, mwanangu, mwanamume usipomtaka, mwambie kwa mdomo wako."