Chini ya Kalenda

"Mbona hapa hujaandika kiasi?" meneja wa kiwanda kimoja pale Kibaha alimuuliza Siwema, akigonga kalamu kwenye fomu yake ya kuomba kazi, palipoandikwa "mshahara unaotarajia".

Alikuwa ameandika: *Kama mkataba wa hali bora, daraja la tatu.*

Tope la kijijini kwao Maneromango lilikuwa limekaukia kwenye viatu vyake. Hakuivuta miguu chini ya kiti.

"Huo mkataba wa chama cha wafanyakazi umeuona wapi?"

"Kwenye ubao, pale getini. Mmeufunika kwa kalenda."

Meneja akacheka. "Dada, wenzako wanne wameandika nusu ya hiyo. Kwa nini nikuchukue wewe?"

"Waliandika kabla sijaifunua kalenda."

Mlango ukagongwa. Wote wanne walikuwa wamesimama pale.

"Samahani, bosi. Tunaomba fomu zetu turekebishe."